Haramia wa Mabuti na Haramia wa Bizimu

Juni 2010, huko Shimo la Tewa, Mombasa, ulifunguliwa ukumbi wa mahakama wenye ulinzi mkali, uliojengwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya kesi za uharamia na makosa mengine mazito. Washtakiwa walioipa mahakama hiyo sababu ya kujengwa walikuwa Wasomali waliokamatwa baharini na manowari za mataifa ya mbali. Mjini Tampa, katika jimbo la Florida, mambo huwa kinyume. Kila mwaka, kuelekea mwisho wa Januari, maharamia huingia bandarini kwa meli ya milingoti mitatu huku mizinga ikilia, na meya hutoka kuwakabidhi ufunguo wa mji. Kisha huandamana barabarani wakiwarushia watu shanga. Hakuna askari anayewagusa. Jioni mkuu wa genge hurudi nyumbani, na Jumatatu yuko ofisini kwake amefunga tai.

Watu wanaojivika uharamia kwa mapenzi tu wapo Marekani, Uingereza, Hispania na kwingineko. Mjini Hastings, kusini mwa Uingereza, Julai 2012 walihesabiwa 14,231 mahali pamoja, idadi iliyoingia katika kitabu cha rekodi za dunia. Wengi wao walivaa kibandiko cha jicho cha dukani na kesho yake wakakitupa. Makala haya yanawahusu zaidi wale wachache wanaokesha wakishona matundu ya vifungo kwa mkono, kwa sababu mwaka 1718 cherehani haikuwapo, na njia ndefu iliyowafikisha hapo.

Sherehe ya Tampa, iitwayo Gasparilla, ilianza 1904. Waliobuni walikuwa watu wenye nafasi zao mjini, macho yao yakiwa kwenye kanivali ya New Orleans, na mwaka ule wa kwanza "maharamia" walivamia mji wakiwa juu ya farasi. Jina limetoka kwa José Gaspar, Mhispania anayesemekana kuzisumbua meli za pwani ya Florida hadi 1821, alipojifunga mnyororo wa nanga na kujitosa baharini asikamatwe. Hadithi tamu, ila mtu mwenyewe hakuwapo. Nyaraka za Hispania na za jeshi la majini la Marekani hazimtaji popote, na aliyemvumisha zaidi ni kampuni moja ya reli iliyokuwa na hoteli ya kujaza wageni, ikachapisha habari zake katika kijitabu cha matangazo. Hata meli, José Gasparilla II, iliyoundwa 1954, haina injini. Huburutwa hadi mjini na boti za kuvuta. Mwaka 1991, fainali ya mpira wa Kimarekani ilipochezewa Tampa, chama kinachoendesha maandamano kilibanwa kuhusu uanachama wake wa Wazungu watupu, kikaona heri kufuta maandamano kuliko kufungua mlango. Mwaka uliofuata mlango ukafunguliwa. Maharamia wa kweli, kama tutakavyoona, hawakuwa wachaguzi hivyo.

Wahispania waliwatangulia Wamarekani, tena kwa nia nyingine kabisa. Huko Sóller, kisiwani Mallorca, kila Mei wenyeji huigiza yaliyotokea tarehe 11 Mei 1561, maharamia wa Afrika Kaskazini walipotua ufukweni na kutimuliwa. Villajoyosa, mji wa pwani ya bara, hukumbuka shambulio la 1538: alfajiri ya Julai mashua husogea, na watu huruka majini wakiwa na majoho ya gharama. Huko mchezo ni wa waliovamiwa. Haramia ni mgeni, ni Mwislamu, na lazima ashindwe kabla ya chakula. Wanaoigiza Wamoro, yaani wavamizi hao, huko Sóller hujipaka masizi usoni, na msomaji wa Lamu au Zanzibar atajua mwenyewe la kusema juu ya hilo.

Lakini ile sura ya haramia inayojulikana dunia nzima haikutoka Mallorca. Ilitengenezwa na watu wa kalamu na wa jukwaa, na chimbuko lake ni kitabu kilichotoka London 1724 kwa jina la Kapteni Charles Johnson, jina ambalo wengi huliona la kubuni. Humo mna kisa kinachotugusa. Agosti 1720, karibu na kisiwa cha Nzwani huko Komoro, Cassandra, meli ya Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki, ilipigana kwa saa kadhaa na maharamia wa Edward England na John Taylor. Meli mwenzake ilikimbia. Nahodha James Macrae, amejeruhiwa, akaikwamisha meli yake ufukweni na kujificha kisiwani kwa siku kumi, kisha akapiga moyo konde akaenda kwa maharamia wenyewe kutafuta suluhu. Wakiwa wanabishana kama wamchinje, alijitokeza mmoja wao mwenye masharubu ya kutisha na mguu wa mti, bastola zimemzunguka kiunoni kama shanga, akaapa kuwa atakayemgusa Macrae atapambana naye kwanza. Waliwahi kusafiri pamoja. Macrae akaachiwa na baadaye akawa gavana wa Madras.

Mguu ule wa mti umesafiri kuliko mwenyewe. Robert Louis Stevenson, aliyeandika Treasure Island, kitabu kilichotoka 1883, alisema Long John Silver amemchota kutoka kwa rafiki yake mshairi W. E. Henley, aliyekatwa mguu. Silver wa kitabuni hana mguu wa mti hata kidogo; ana gongo. Kwa hiyo mwigizaji anayejifunga kigogo gotini akidhani anamwigiza Silver, anamwigiza yule bwana wa Nzwani ambaye hata jina hatukuachiwa.

Mavazi yalipatikana vivyo hivyo, kipande huku kipande kule. Mchoraji wa Marekani Howard Pyle, aliyefariki 1911, aliwapa maharamia wake mishipi mipana ya rangi kiunoni na vilemba vya kupendeza, kwa jicho la msanii zaidi kuliko la mtafiti. Douglas Fairbanks akayapeleka kwenye sinema 1926, Errol Flynn akafuata 1935. Mwaka 1950 Robert Newton, mzaliwa wa Dorset, alimwigiza Silver kwa lafudhi ya kusini magharibi mwa Uingereza, na tangu hapo kila haramia wa uongo huvuta ile sauti ya kukwaruza kooni. Filamu ya 2003 ya Pirates of the Caribbean ilizidisha tu. Iliyakuta mabuti marefu ya ngozi yakiwa tayari yamezoeleka.

Mabuti hayo ndiyo yaliyozua ugomvi. Tangu miaka ya 1960 uigizaji wa vita vya zamani ulikuwa umegeuka uraibu wenye nidhamu: Marekani waliadhimisha miaka 100 ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1961, na Uingereza chama cha Sealed Knot kilianzishwa 1968 kuigiza vita vya karne ya 17. Watu waliopitia huko walipohamia baharini walikuja na swali moja la kukera: ushahidi uko wapi?

Bahari ikaanza kujibu. Mwaka 1984 mabaki ya Whydah, meli ya maharamia iliyozama kwa dhoruba Aprili 1717 pwani ya Cape Cod, yalipatikana, na mwaka uliofuata kengele yenye jina lake ikaopolewa. Ilikuwa meli ya watumwa kabla ya kutekwa, na jina lake ni la bandari ya Ouidah katika Benin ya leo. Ndani yake mlikuwa na vipande vya mapambo ya dhahabu ya Waakan, na pia kiatu kidogo, soksi ya hariri na mfupa wa mguu, vinavyohusishwa na John King, mtoto aliyejiunga na maharamia hao 1716. Kati ya wawili waliopona kwenye meli hiyo, mmoja alikuwa Mmiskito wa Amerika ya Kati, rubani wa meli. Mwaka 1996 ikapatikana Queen Anne's Revenge, meli ya haramia Blackbeard, huko North Carolina, nayo ilikuwa meli ya watumwa ya Wafaransa kabla hajaiteka. Sasa mwigizaji mweusi wa Florida hakuhitaji tena kuomba radhi kwa kusimama kwenye sitaha.

Kwa mavazi, msaada mkubwa ulitoka mahali pakavu: mkataba wa 1706 wa kuwavisha mabaharia wa jeshi la majini la Uingereza. Unataja jaketi la sufu ya kijivu lenye bitana nyekundu na vifungo vya shaba, kizibao chekundu, shati la kitani lenye miraba ya buluu, soksi za sufu, kofia ya ngozi na viatu. Mabuti hayamo. Buti refu ni la mpanda farasi; baharia anayepanda kamba hadi juu ya mlingoti angelivua kabla ya mtu kumshauri. Mwigizaji makini huvaa viatu vya bizimu, tena vilivyoshonwa kwa mtindo wa wakati ule, visivyo na kulia wala kushoto, mpaka mguu uvifinyange wenyewe. Miezi ya mwanzo ni malengelenge. Juu yake huongeza suruali fupi pana ya turubai, iliyopakwa lami isipenye maji, na hunuka ipasavyo.

Wapo wanaochunguza mishono ya wenzao kwa kiasi cha kuitwa, kwa dhihaka, wahesabu-nyuzi. Nawaheshimu, ila mara nyingine ushahidi huwageuka. Kile kitambaa cha kichwani walichokidharau kuwa ni cha sinema kimo katika kesi ya Jamaika ya Novemba 1720: shahidi mmoja alieleza kuwa maharamia wanawake Anne Bonny na Mary Read walivaa jaketi za kiume na suruali ndefu, wamejifunga leso kichwani, kila mmoja ana panga na bastola. Wanawake wa uraibu huu wanaujua ushahidi huo kwa moyo, na wana haki. Naye nahodha wa maharamia Bartholomew Roberts, kwa maelezo ya kitabu cha 1724, alikufa Februari 1722 akiwa na kizibao cha hariri nyekundu, unyoya kofiani na mkufu wa dhahabu wenye msalaba wa almasi. Tatizo ni kwamba kwenye kila kambi utakuta Roberts kumi na mpishi hayupo.

Kupigana kuna kitendawili chake. Haramia alitaka mali, na vita vilimharibia mali. Bendera nyeusi ilikuwa barua ya kuomba watu wasalimu amri, na mara nyingi barua ilijibiwa vizuri. Sasa nani atalipa kiingilio atazame mabaharia wakishusha tanga na kukabidhi funguo za ghala? Ndiyo maana waigizaji hurudia rudia ile siku ambayo barua haikujibiwa: tarehe 22 Novemba 1718, Ocracoke, ambapo Luteni Robert Maynard wa jeshi la majini la Uingereza alipambana na Blackbeard ana kwa ana, na haramia akaanguka na risasi 5 na mikato 20 mwilini.

Pambano la namna hiyo hufanyiwa mazoezi kama ngoma. Panga ni la chuma halisi, lakini ukingo wake umeviringishwa usikate. Wawili hutazamana machoni kabla ya kila pigo. Anayeshambulia hulenga nje ya bega au nyonga, kamwe si uso, na kuchoma kwa ncha hakuruhusiwi. Hujifunza polepole kama wanaotembea, kisha huongeza mwendo, na anayeonekana kushindwa ndiye mwenye kuongoza, kwa kuwa mwili ulio hatarini ni wake. Aliyewahi kutazama kirumbizi ataelewa haraka: fimbo hulia kwenye fimbo. Bunduki ni gobori za gumegume, zenye kutiwa baruti bila risasi, na mtutu huinuliwa juu ya vichwa. Ufito wa kushindilia huachwa kambini, maana ukisahaulika ndani ya mtutu unageuka mshale. Mzinga una kanuni zaidi: hupanguswa kwa sifongo lenye maji, mmoja huziba tundu la moto kwa gumba lililovikwa ngozi, na dakika kadhaa hupita kabla ya baruti nyingine, cheche isije ikawa imejificha.

Mahali ambapo mambo haya hukutana na historia kwa karibu ni St. Augustine, mji wa Florida ulioanzishwa na Wahispania 1565. Mwezi Machi waigizaji huigiza uvamizi wa Robert Searle wa 1668. Searle alitoka Jamaika, akateka meli ya Kihispania iliyokuwa ikileta vyakula kutoka Mexico, akaingia nayo bandarini wenyeji wakidhani ni mahitaji yao yamefika. Usiku maharamia wakashuka. Watu wapatao 60 waliuawa. Mateka walikombolewa, isipokuwa Wahindi Wekundu, Weusi na machotara: hao Searle aliwachukua kwenda kuuzwa, hata waliokuwa huru. Ndipo malkia wa Hispania akaagiza ngome ya mawe, ikaanza kujengwa 1672 kwa jiwe la makombe yaliyogandamana, ambalo kwa macho ya mtu wa Kilwa au Lamu halina ugeni mkubwa.

Kwa kuwa mwaka ni 1668, kofia ya pembe tatu hairuhusiwi. Huvaliwa kofia za ukingo mpana, na baadhi ya bunduki huwashwa kwa utambi. Mapigano hupita katika vichochoro vya mji wa kale, moshi ukijaa kati ya kuta. Aliyekufa mapema hulala kifudifudi, uso ukiwa kivulini, akiomba Mungu mbwa wa watalii wasimfikie.

Baruti ya zamani huacha masizi yanayokula chuma kwa usiku mmoja tu. Kwa hiyo watalii wakishaondoka, Wahispania na maharamia huketi pamoja mbele ya birika la maji ya moto. Gumegume hufunguliwa, maji humiminwa mtutuni hadi yatoke safi, kitambaa hupitishwa mara ya tano, ya sita, kisha mafuta. Nguo huanikwa zipoteze harufu. Viatu vya bizimu huvuliwa mwisho.