Nyumba Yako, Kiwanja cha Nani? Somo Kutoka Ng'ambo

Bibi harusi akitafutiwa nyumba siku hizi, swali la kwanza ni kodi kiasi gani. Ni swali la maana, lakini historia ya mji wetu wa Unguja inatufundisha kuuliza mawili zaidi: ardhi ni ya nani, na ikiharibika nani atatengeneza?

Tuanze Ng'ambo. Baada ya amri ya 1897 ya kuondoa utumwa, watu wengi walitoka mashamba wakaja mjini. Walijenga nyumba za miti na udongo, wakaezeka makuti. Zilikuwa nyumba rahisi kwa sababu vifaa vilipatikana karibu na mtu alijenga kidogo kidogo kwa uwezo wake. Wanawake wengi walikuwa na nyumba zao wenyewe, na wapo waliopangisha vyumba wakapata riziki. Uislamu umempa mwanamke haki ya kumiliki mali yake, na bibi zetu waliitumia haki hiyo.

Tatizo lilikuwa moja: nyumba ni yako, kiwanja si chako. Zamani wenye ardhi wengi waliwaacha watu wakae bure au kwa malipo madogo, na viwanja vingine vilikuwa wakfu. Miaka ya 1920 wakaanza kudai kodi kubwa, na nyumba iliyojengwa kwa jasho ikawa hatarini. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Serikali ya kikoloni ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi hizo zisipande ovyo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya serikali. Mzee Abeid Amani Karume akaanzisha majumba ya ghorofa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, Kikwajuni kwanza, kisha Michenzani. Pemba nayo ikapata majumba yake. Waliovunjiwa nyumba zao walipewa fleti. Hofu ya mwenye kiwanja ikaondoka, lakini suala la matengenezo likabaki. Ukuta wa udongo ukitoboka, mwenyewe anakanda udongo anaziba. Ghorofa haiko hivyo. Paa, ngazi na mabomba ni vya wote, na cha wote kikikosa msimamizi na mfuko wake, huchakaa. Akina mama wa ghorofa za juu wanajua uzito wa kupandisha ndoo ya maji.

Dini yetu ilishatuonesha njia. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi Khaybar alimtaka ushauri Mtume (S.A.W.). Akaelekezwa aizuie ardhi yenyewe na atoe sadaka mapato yake. Isiuzwe, isirithiwe, wala isitolewe zawadi. Mafakihi wakafafanua kuwa pato la wakfu kwanza hutengeneza wakfu wenyewe, ndipo wanaostahiki wapewe. Mji Mkongwe una nyumba nyingi za wakfu, na baadhi zimechakaa kwa sababu kodi yake haikutosha hata kununua chokaa na boriti. Rahisi kupita kiasi nayo hubomoa.

Basi dada yangu, nyumba rahisi inayodumu ina mambo matatu: bei unayoiweza, ardhi yenye hati au mkataba wa maandishi, na fedha ya matengenezo inayowekwa kila mwezi, japo kidogo. Ukipewa nyumba au kiwanja kuwa mahari, hakikisha karatasi ina jina lako. Hiyo ni haki yako, na kuidai si ukosefu wa adabu. Na Allah akikukunjulia riziki, fikiria kuacha japo chumba kimoja kiwe wakfu kwa mjane au yatima, pamoja na pato la kukitengeneza.

Allah atupe nyumba zenye sakina na baraka. Aamin.