Jiwe lina mwenyewe, shimo ni la nani? (Uzi)

1. Kila kampeni zikikaribia, suala la matimbo ya mawe hurudi barazani. Mmoja husema akichaguliwa atayafunga yote. Mwengine husema matimbo ni ajira ya vijana, yasiguswe. Wote hupigiwa makofi, kisha tunarudi nyumbani na mashimo yako palepale. Mimi nasoma sayansi ya siasa na nimekulia Junda. Hebu tulifuate jambo hili tangu mwanzo. Simtaji mwanasiasa wala chama.

2. Ami yangu alichonga mawe miaka mingi upande wa Kilifi. Sururu, shoka na mtaimbo. Malipo kwa hesabu ya matofali, si kwa siku. Siku moja nilimuuliza yale mawe yalikuwa ya nani. Akanambia: "Jiwe lina mwenyewe. Mwenye shamba anataka chake, mwenye lori chake, kaunti nayo chake. Shimo ndilo halina mwenyewe." Nimesoma sheria kadhaa tangu siku hiyo na bado naona ami alimaliza.

3. Kwanza jiwe lenyewe. Tazama ukuta wowote wa Mishomoroni ambao haujapigwa plasta. Utaona michoro kama ya maua na vitobo vingi. Hayo ni matumbawe yaliyoishi wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Maji yaliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu, ukanda mwembamba unaofuata ufuo. Sasa, ufuoni ndiko watu wanakotaka kukaa. Kwa hivyo jiwe letu na makazi yetu yanagombania mahali pamoja.

4. Kuchimba si jambo geni. Gede, Lamu, Mji wa Kale, zote zimejengwa kwa mawe haya. Ya nchi kavu yalijenga kuta. Yale ya baharini, laini yakiwa bado mabichi, yalichongwa nakshi za mihrabu. Mengine yalichomwa kwa kuni yakawa chokaa. Wareno walipoanza Ngome ya Yesu mwaka 1593, walitumia matumbawe hayohayo, juu ya mwamba wa matumbawe. Lakini nyumba ya mawe ilikuwa ya wenye uwezo. Wengi walikaa nyumba za udongo na makuti. Wateja wachache, mashimo machache.

5. Shida ya leo ilianzia kwenye karatasi. Mwaka 1895 Waingereza walikubaliana na Sultani wa Zanzibar kuutawala ukanda wa maili kumi wa Pwani. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi: anayedai shamba ajitokeze athibitishe. Aliyekuwa na karatasi, au aliyejua njia ya ofisini, alipata. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Jamii nyingi za Kimijikenda, zilizomiliki kwa ukoo na si kwa karatasi, ziliachwa nje.

6. Ndiyo maana hadi leo Kisauni kuna familia zilizokaa mahali vizazi na vizazi zikiitwa maskwota, na mwenye hati hajulikani hata sura. Lishike hili, tutalirudia. Kwenye mjadala wa mawe watu hulisahau, manake hudhani tunazungumzia vumbi na malori tu.

7. Kisha ikaja saruji. Kiwanda cha Bamburi, jirani zetu, kampuni yake iliundwa 1951 na kikaanza kuzalisha 1954. Malighafi ni mwamba uleule wa matumbawe. Hapo uchimbaji ukabadilika: mashine badala ya sururu, uwanja mzima badala ya shimo la familia. Mwamba ulichimbwa mpaka karibu na maji ya chini. Iliyobaki ilikuwa jangwa jeupe, joto, chumvi, hakuna udongo.

8. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti pale. Alijaribu aina 26, zikapona 3. Iliyoshinda ni mvinje, unaovumilia chumvi. Majani yake yalikuwa hayaozi, basi wakaletwa jongoo wayale, na kinyesi chao kikaanza kuwa udongo. Mwaka 1984 mahali hapo palifunguliwa kwa umma, na leo tunapaita Haller Park. Wengi wetu tulipelekwa na shule kumwona kobe Mzee na kiboko Owen, tusijue tunatembea ndani ya timbo.

9. Funzo la Bamburi: shimo linaweza kurudishiwa uhai. Lakini angalia ilihitaji nini. Mwenye shimo anayejulikana, pesa, na miaka zaidi ya kumi kabla ya kufungua lango. Timbo la watu wanane wenye sururu, kwenye shamba la mtu asiyeonekana, halina hata kimoja katika hivyo. Na leo si tajiri peke yake anayejenga kwa mawe. Kila mwenye chumba cha kupangisha anataka matofali. Mimi pia nimelelewa ndani ya nyumba hiyo, siwezi kujifanya simo.

10. Sasa sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaweka madini yote yaliyotajwa na sheria katika ardhi ya umma. Sheria ya Madini ya 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya 1940, inasema madini ni mali ya Jamhuri, serikali kuu ikiyashikilia kwa niaba ya wananchi. Nayo ina fungu la madini ya ujenzi. Kwa hivyo ile hoja ya "shamba langu, mawe yangu, msiniulize" haisimami. Kuwa na hati ya shamba si kuwa na uhuru wa kuchimba upendavyo.

11. Je, kaunti inaweza "kufunga yote" kama tunavyoahidiwa? Leseni za madini hutoka serikali kuu. Tathmini ya athari za mazingira iko chini ya NEMA, kwa sheria ya 1999. Kaunti ina mipango ya ardhi: Sheria ya 2019 inamtaka mtu apate ruhusa yake kabla ya kubadilisha matumizi ya ardhi. Hiyo ni nguvu kubwa, lakini hutumika kabla ya shimo, sio baada. Anayeahidi kufunga amwambie mpiga kura atatumia mamlaka ya ofisi gani.

12. Turudi kwa skwota. Sheria ya 2016 inasema haki ya madini haitolewi kwenye ardhi ya mtu binafsi bila idhini ya mmiliki aliyesajiliwa. Aliyesajiliwa! Mwenye hati anaombwa idhini hata akiwa anaishi mbali. Mama ambaye mlango wake uko hatua kumi kutoka ukingoni hana saini inayohitajika. Karatasi ya 1908 bado inaamua nani aulizwe.

13. Ila sheria hiyohiyo ina mlango mwengine, na sijasikia ukitajwa barazani. Mrabaha hugawanywa hivi: serikali kuu asilimia 70, kaunti 20, jamii 10. Na "jamii" humo ni watu wanaoishi kuzunguka eneo la uchimbaji, au wanaoweza kuhamishwa kwa sababu yake. Haikusema wenye hati. Yaani mama yuleyule asiye na sauti kama mmiliki ana fungu kama jirani. Lakini fungu hilo hutokana na mrabaha uliolipwa. Lori likitoka usiku bila stakabadhi, asilimia 10 ya sufuri ni sufuri.

14. Na shimo? Sheria inamtaka mwenye leseni aweke dhamana ya mazingira na airudishe ardhi katika hali nzuri. Asiye na leseni hajaweka chochote. Masika yakija shimo linajaa maji, watoto wanaenda kuogelea. Likitokea la kutokea, mwenye shamba atasema alikodisha, mchongaji atasema alilipwa kwa tofali, na kila ofisi itakuelekeza kwa ofisi nyengine.

15. Kwa hiyo wale wawili wa barazani wote wana nusu ya ukweli. Ukifunga bila mpango, kina ami wanakosa mkate na mawe yanachimbwa usiku. Ukiacha bila mpango, tunawaachia watoto wetu mashimo. Tunachohitaji ni wachongaji wasajiliwe, maeneo yapangwe kabla ya jembe la kwanza, na pesa ya kufukia iwekwe kando kuanzia lori la kwanza.

16. Mgombea akija mtaani kwenu, muulize matatu. Nani alitoa ruhusa, na kwa sheria ipi? Asilimia 10 ya jirani iko wapi? Na jiwe la mwisho likishatoka, shimo ni la nani? Akijibu mawili ya mwanzo akaruka la tatu, mrudishe hapohapo.