Stresi za Kazini Hazijaanza Leo: Dar Ilivyokuwa Inapumua Toka Enzi za Makuli Mpaka Msondo

Wadau, kila Jumapili jioni mtandaoni kilio ni kimoja tu: kesho Jumatatu. Utani wa bosi, utani wa foleni ya Morocco, utani wa mshahara unaoingia saa nne na kuisha saa sita. Halafu hakosekani mzee mmoja wa kuja kutuzima, eti vijana wa siku hizi mnalalamika sana, sisi tulipiga kazi na stresi hatukuzijua.

Hiyo kauli ndo imenifanya niandike hii. Maana ukiichimba historia ya huu mji unakuta hao wazee wetu, na baba zao, na babu zao, presha za kazi walikuwa nazo za kumwaga. Tofauti ni kwamba hawakuziita stresi, na walikuwa na pa kuzipeleka.

Tuanze na bandari. Kabla ya magati ya kina kirefu kufunguliwa mwaka 1956, meli kubwa ilikuwa inasimama majini huko, mzigo unashushwa kwenye matishari, matishari yanakuja ufukweni, na wa kubeba ni makuli. Migongo ya watu. Wengi walikuwa vibarua wa siku: asubuhi unaenda kusimama, ukichaguliwa unakula, usipochaguliwa unarudi Kariakoo mikono mitupu. Hebu fikiria kuishi hivyo miaka, hujui kesho una kazi au huna. Sisi leo tunaogopa mkataba wa miezi mitatu, wenzetu mkataba wao ulikuwa wa masaa.

Makuli walivumilia, ila sio milele. Waligoma 1939, wakagoma tena 1943, na tarehe 6 Septemba 1947 wakagoma mgomo ambao uliuacha mji wote na baadaye ukafuata njia ya reli kwenda bara. Nyongeza ya mshahara ikapatikana. Nawatajia hili mapema kwa sababu kuna watu wakisikia "kupunguza stresi" wanawaza mishumaa ya manukato na kuvuta pumzi. Kwa kuli wa 1947 dawa ya kwanza ilikuwa kugoma. Na ilifanya kazi.

Lakini hakuna mtu anayegoma kila wiki. Siku za kawaida ilikuwaje?

Hapa ndo kuna kitu mimi nakipenda kuliko vyote kwenye historia ya Dar: beni. Hii ngoma ilianzia pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikasambaa sana na Vita ya Kwanza ya Dunia, maana askari na wapagazi walitembea nayo kila walikopelekwa. (Hao wapagazi, Carrier Corps, ndo waliotuachia jina la Kariakoo.) Beni maana yake bendi, tarumbeta na ngoma kubwa na gwaride la kijeshi. Vyama vikubwa vilikuwa viwili, Marini na Arinoti. Marini ndo walijiona wasomi, makarani, watu wa kola nyeupe. Arinoti ndo wa chini zaidi, wa kazi ngumu. Yaani ugomvi wa timu mnaoufanya leo mtandaoni sio mpya.

Sasa utamu wenyewe upo kwenye vyeo. Ndani ya chama watu walipeana vyeo vya wakubwa: kuna Mfalme, kuna Gavana, kuna Kaiza, kuna Jenerali. Sare zimepigwa pasi, viatu vinang'aa. Mtu wiki nzima anaitwa "boi" na mzungu wa Oysterbay, mtu ana wajukuu lakini kazini ni boi. Ikifika siku ya ngoma anavaa, anatembea katikati ya barabara, watu wanampigia saluti. Wapo wanaosema walikuwa wanawaiga wazungu tu. Mimi siamini. Mtu aliyekuonea wiki nzima, ukivaa cheo chake na kukitembeza barabarani huku watoto wanacheka, hapo kuna kitu umekitua moyoni. Na vyama hivyo havikuishia kucheza: mwenzenu akiumwa mnachanga, akifa mnazika, mgeni akitoka bara hajui pa kulala anapokelewa. Serikali ya kikoloni yenyewe iliwatilia shaka na kuwachunguza. Nani alisema kujirusha ni jambo la kipuuzi?

Nimeitaja Oysterbay, na sisi watu wa Msasani hili linatuhusu. Wakoloni waliugawa mji: Oysterbay uzunguni, katikati wahindi, Kariakoo na Ilala waafrika. Msasani ilikuwa kijiji cha wavuvi pembeni ya hayo majumba. Kwa hiyo wafanyakazi wa ndani walikuwa wanatoka kwao kwa miguu kwenda kupika na kufua kwa mabwana. Asubuhi hii leo simama Namanga saa kumi na mbili uone kinamama na walinzi wanavyokatiza kwenda Masaki na Oysterbay. Rangi ya bosi imechanganyika siku hizi, njia ni ileile. Ila wale wa zamani walikuwa na chama. Mwaka 1956 wafanyakazi wa majumbani na mahotelini Dar waligoma! Dada wa kazi wa leo analipwa pesa ambayo sitaki hata kuiandika, na mara nyingi hana hata grupu la kulalamikia.

Na 1958 wakagoma wafanyakazi wa kiwanda cha bia. TANU ikawaunga mkono kwa kuwaambia watu wasusie bia ya kizungu. Nasoma hivyo nacheka: watu wamechoka na kazi, starehe yao ni bia, halafu wanaacha bia ili wenzao kazini wapumue.

Kinamama nao wasisahaulike, maana historia ikiandikwa utadhani Dar nzima ilikuwa wanaume watupu. Wao walikuwa na lelemama na vyama vyao vya ngoma. Bibi Titi Mohamed kabla ya kuwa Bibi Titi tunayemjua alikuwa muimbaji wa kikundi cha ngoma kinaitwa Bomba. TANU ilipotaka wanawake mwaka 1955, hakwenda kugonga mlango mmoja mmoja. Alipita kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, na wanachama wakaja kwa mkupuo. Pale mahali watu walipokuwa wanapumulia ndipo siasa ilipokuta watu wamekaa tayari, wanaaminiana.

Haya, uhuru huo. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa na nguvu kweli, shirikisho lao TFL lilianzishwa 1955 na katibu mkuu wake wa kwanza ni Rashidi Kawawa. (Kama hujui, mzee Kawawa alishawahi kucheza filamu, Muhogo Mchungu. Waziri mkuu wetu alianzia kwenye sanaa, msituchukulie poa.) Lakini Januari 1964 jeshi likaasi, na baada ya hapo serikali ikalivunja TFL na kuunda chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, katibu mkuu wake ni waziri wa kazi mwenyewe. Yaani anayekutetea ndo huyohuyo serikali. Hapo ukitaka kugoma unamgomea nani?

Na mwaka huohuo 1964 NUTA ikaanzisha bendi.

Soma tena. Chama cha wafanyakazi, badala ya mgomo, kimewapa wafanyakazi dansi. Ukiwa na roho mbaya utasema walipewa pipi wanyamaze. Kuna ukweli humo, sikatai. Ila NUTA Jazz haikuwa pipi. Wanamuziki waliajiriwa, wanapokea mshahara wa mwezi kama karani, vyombo ni vya chama. Baada yao mashirika mengi yakaiga: umoja wa vijana wa chama ukawa na Vijana Jazz, na mwaka 1978 baadhi ya wakali wa NUTA, akiwemo Muhidin Gurumo, wakaenda kuanzisha Mlimani Park, ambayo 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Mtindo wa NUTA ukaitwa Msondo, wa Mlimani ukaitwa Sikinde, majina yote mawili ya ngoma. Mji ukagawanyika tena kama enzi za Marini na Arinoti.

Nyimbo zile ukizisikiliza leo utaona ndefu, na zimekatwa sehemu mbili. Mwanzo ni pole pole, waimbaji wanasimulia kisa kwa zamu, watu wamekaa au wanacheza taratibu wanasikiliza maneno. Kisa chenyewe ni maisha: mume mlevi, ndugu anayekusema, mtu aliyekuja mjini akasahau kwao, kazi na tabu zake. Halafu gitaa linabadilika, tarumbeta zinaingia, mnaenda kwenye chemko. Hapo maneno yameisha, ni miguu tu. Mimi sijasomea saikolojia, nimeishia kidato cha nne, lakini naona huo mpangilio una akili sana. Kwanza unasikia tabu yako ikitajwa na mtu mwingine mbele ya watu, unajua hauko peke yako. Kisha unaitoa jasho.

Na kutaja kwenyewe kulitaka ufundi. Studio ni moja, Radio Tanzania, na mashairi yalipitiwa kabla ya kurekodiwa. Kwa hiyo bosi hatukanwi waziwazi, anatukanwa kwa fumbo, na ukumbi mzima unajua ni nani.

Hivi mnajua kuna kipindi kifupi serikali yenyewe iliwaruhusu watu kumkunjia bosi uso? Mwongozo wa TANU wa 1971, kifungu cha 15, ulikataza viongozi kuwa wababe na wenye dharau kwa walio chini yao. Wafanyakazi wakausoma, wakauelewa kuliko ulivyotarajiwa. Viwandani wakaanza kuweka zana chini, mameneja wenye matusi wakafungiwa mageti. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel hapa Dar walikichukua kiwanda wenyewe. Angalia, kilio chao kikubwa wengi wao hakikuwa hela, kilikuwa kudharauliwa. Kuna ofisi moja nilifanyia kazi, sitaitaja, meneja alikuwa anaita watu kwa kupiga mluzi. Mshahara haukuwa mbaya. Ule mluzi ndo ulikuwa unanifuata mpaka kitandani.

Sitaki kuwapamba wazee kupita kiasi. Hiyo starehe ya dansi ilikuwa ya wanaume zaidi, na mishahara mingi iliishia baa mke anasubiri nyumbani na jiko halijawashwa. Tena ilipofika miaka ya 1980, baada ya vita ya Kagera, mambo yakawa magumu mpaka mshahara ukawa kama nauli tu ya kwendea kazini. Ndo ukaja ule mtindo wa miradi ya pembeni: daktari anafuga kuku, mwalimu anauza barafu, karani mke wake anapika maandazi. Kazi mbili mbili tatu tatu. Tunaoita leo "kujiongeza" tumekirithi hapo, pamoja na uchovu wake.

Mashirika yakabinafsishwa, bendi zikapoteza baba. NUTA ikawa JUWATA, ikawa OTTU, bendi ikabadilishiwa jina kila mara mpaka ikabaki Msondo Ngoma, inajitegemea.

Leo tuna sheria nzuri kwenye karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, siku zisizidi sita, kati ya kutoka kazini na kurudi kuwe na saa 12 za mapumziko, likizo ya mwaka siku 28. Ukiumwa una siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Ukionewa kuna CMA. Ila sheria ni ya 2004 na WhatsApp imekuja 2009. Saa 12 za mapumziko zinahesabiwaje kama saa nne usiku bosi anatuma sauti ya dakika tatu kwenye grupu la kazi, na tiki zimekuwa za bluu?

Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2019 liliuweka uchovu wa kazi uliopitiliza kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na matatizo ya afya, ila likasema sio ugonjwa, ni hali inayotokana na kazi. Yaani tatizo liko kazini, sio kichwani mwako. Makuli wa 1947 walishalijua hilo bila kuambiwa na mtu.

Namalizia na mzee Gurumo. Kaanza kuimba mwanzoni mwa miaka ya 1960, kapita NUTA, Mlimani Park, Ndekule, karudi Msondo. Zaidi ya nusu karne anawapumzisha waliochoka, usiku wakilala yeye yuko jukwaani. Alistaafu 2013 akasema hadharani muziki haujampa hata gari. Mwaka huohuo Diamond akamzawadia Funcargo. Aprili 2014 mzee akafariki Muhimbili.

Mzee wako alikuwa Msondo au Sikinde? Muulize leo, na muulize alikuwa anatoka kazini na hasira za nani.