Rangi na stika za matatu (Kibera na Kawangware)

Rangi na stika za matatu ni kazi ya kupaka, kuchora na kubandika mapambo kwenye magari ya abiria jijini Nairobi. Kazi hiyo hufanyika jiji zima. Makala hii inahusu zaidi magari yanayohudumia Kibera, iliyo kusini-magharibi ya katikati ya jiji, na Kawangware iliyo upande wa magharibi. Kibera hufikiwa kwa matatu namba 8. Kawangware hufikiwa kwa namba 46, na namba hiyo imezoeleka hadi ikawa jina la kituo chenyewe. Sifa za nganya, yaani matatu iliyopambwa kila pembe kwa picha, taa na muziki, zimechukuliwa zaidi na njia za Rongai, Umoja na Buruburu. Njia za 8 na 46 nazo zimewahi kuwa na nganya za kujivunia. Hata hivyo, magari mengi ya huku ni makuukuu yaliyopita mikononi mwa zaidi ya mwenye gari mmoja, na kazi ya fundi ni kurekebisha na kufufua kuliko kupamba gari jipya.

Waanzilishi wa kazi hii ni wachoraji wa mabango. Kabla ya kompyuta kuingia, aliyeandika "Hoteli" juu ya mlango wa mabati na kuchora kichwa kilichonyolewa kwenye ukuta wa kinyozi ndiye aliyeitwa pia kuandika jina la gari ubavuni. Kibera imelea wachoraji wa namna hiyo kwa wingi. Kikundi cha Maasai Mbili kilianzishwa huko mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, wote wawili wachoraji wa mabango, na baadaye kikajulikana katika majumba ya sanaa ya Nairobi na ng'ambo. Solomon Muyundo, maarufu kama Solo 7, aliandika miito ya amani kwenye kuta na mabati ya Kibera wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013 wasanii wa grafiti, wakiwemo Bankslave, Swift9 na Uhuru B, walipaka picha za amani kwenye mabehewa ya treni ya abiria inayopita katikati ya Kibera. Ukuta, behewa na ubavu wa matatu ni turubai za watu walewale, na si haki kuandika historia ya kimoja bila kuwataja waliochora vingine.

Serikali haikuwa na msimamo mmoja kuhusu mapambo haya. Tarehe 1 Februari 2004 kanuni zilizosukumwa na Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilianza kufanya kazi. Zilileta vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mikanda ya usalama, zikapunguza abiria wa gari dogo kutoka 18 hadi 14, na zikaagiza mstari wa manjano usiokatika kwenye mwili wa gari pamoja na maandishi ya njia linakopita. Picha na misemo ilifutwa. Kwa miaka kadhaa matatu nyingi zilifanana: nyeupe, mstari wa manjano, basi. Wachoraji walirudi kwenye mabango ya maduka. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitetea hadharani michoro ya matatu kama ajira ya vijana, na rangi zikafurika tena barabarani. Novemba 2018 msako ulirudi, chini ya Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i. Mawimbi haya yamewafunza wenye magari tahadhari moja inayoeleza mengi kuhusu kazi ya leo: picha inayoweza kung'olewa kwa siku moja ina hasara ndogo kuliko iliyopakwa kwa wiki mbili. Stika ilipata soko kwa sababu ya bei na kasi, lakini siasa nazo ziliisaidia.

Kazi yenyewe huanza kwenye bati. Fundi wa bodi hunyoosha palipobonyea, hukwangua kutu hadi chuma king'ae, kisha hujaza mashimo kwa fila iliyochanganywa na hadena, yaani kigumishi. Fila hukauka kwa dakika chache tu, kwa hiyo huchanganywa kidogo kidogo. Baada ya hapo ni msasa: mkavu wenye chembe kubwa kwanza, namba 80 au 120, kisha namba za juu hadi 400 na zaidi, ambao hulowekwa maji. Hakuna sehemu ya kazi inayodharauliwa kama hii, na hakuna inayolipiza kisasi kama hii. Rangi haifichi mkwaruzo. Rangi ya kung'aa huutangaza. Praima hufuata. Hiyo hushikilia rangi kwenye bati na kulinganisha madoa ya fila, ambayo yasipofunikwa hunyonya rangi na kuacha mawimbi yanayoonekana jua likipiga kwa upande.

Rangi hununuliwa madukani mjini, hasa Kirinyaga Road, ambako muuzaji huchanganya mpaka ifanane na kipande alicholetewa. Ziko aina mbili kuu. Ya kwanza hukauka tina, yaani kiyeyushi chake, ikishapaa hewani. Ni rahisi, hukauka upesi, na fundi wa kando ya barabara anaweza kuipiga asubuhi na gari likarudi kazini jioni. Ya pili huchanganywa na hadena na hukauka kwa mmenyuko wa kikemikali. Hustahimili jua na mafuta zaidi, lakini ikishachanganywa haina kurudi koponi: isiyotumika kwa muda uliopangwa hugeuka kuwa jiwe. Zote mbili hupigwa kwa kompresa na bunduki ya rangi, tabaka jembamba baada ya jembamba. Tabaka nene huteremka kama machozi, na dawa yake ni kungoja likauke na kurudi kwenye msasa.

Hewa ya Nairobi ina maoni yake katika kazi hii. Jiji liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jua la mwinuko huo hupausha rangi nyekundu na za waridi kabla ya nyingine. Wakati wa mvua za masika, tina inapopaa hupoza uso wa bati, unyevu wa hewa huganda juu yake, na rangi ya aina ya kwanza hubaki na ukungu mweupe. Vumbi ni adui wa kiangazi. Fundi asiye na chumba cha kupigia rangi humwagia sakafu maji, hutundika turubai, na huomba lori lisipite.

Picha zilizokusudiwa kudumu huchorwa baada ya rangi ya msingi. Mchoraji hufunika kwa tepu na magazeti sehemu zisizohusika, hukata umbo kwenye karatasi ngumu au plastiki, kisha hupuliza rangi kupitia tundu hilo. Nyuso za watu hukamilishwa kwa brashi ya hewa, kalamu ndogo ipulizayo rangi, ambayo mkono uliozoea huweza kuchora nayo kivuli chini ya kope. Wanaochorwa ni wanamuziki wa Kenya, Jamaika na Marekani, wachezaji wa kandanda wa Uingereza, na wanasiasa. Sura ya Raila Odinga haimshangazi mtu Kibera: eneo hilo lilikuwa sehemu ya jimbo la Lang'ata, alilowakilisha bungeni kuanzia 1992 hadi lilipogawanywa kwa uchaguzi wa 2013. Mistari ya Biblia hukaa jirani na majina ya nyimbo bila kugombana. Mwisho wa yote hupigwa klia, tabaka lisilo na rangi, linaloleta mng'ao na kuilinda picha dhidi ya jua na dawa za kuoshea magari.

Stika hufuata njia nyingine. Mchoro hutengenezwa kwenye kompyuta, huchapishwa kwenye vinili au hukatwa na mashine herufi kwa herufi, kisha mabaki yasiyohitajika hung'olewa kwa mkono na ncha ya kisu. Herufi zilizobaki hufunikwa kwa karatasi ya kuhamishia ili zisipoteze mpangilio. Kwenye gari, bati husafishwa mafuta na kunyunyiziwa maji yenye sabuni kidogo. Maji huiwezesha stika kutelezeshwa hadi ikae sawa, kisha fundi huyasukuma nje kwa kipande cha plastiki, akianzia katikati kuelekea ukingoni. Kiputo kilichobaki hutobolewa kwa sindano. Kwenye mikunjo, kama juu ya tairi au kona ya bampa, vinili hupashwa moto ili ilainike na kufuata umbo.

Hapo ndipo bei ya vinili hujulikana. Ile ya bei nafuu hutengenezwa kwa kusukumwa kati ya rola, nayo hukumbuka unyoofu wake: baada ya wiki kadhaa juani hujivuta na kuinuka ukingoni. Ile ya bei ghali, iliyomiminwa ikiwa kimiminika na kukauka ikiwa utando, hutulia mahali ilipowekwa. Kosa jingine la kawaida ni haraka. Rangi mpya huendelea kutoa mvuke wa tina kwa siku nyingi hata baada ya kukauka kwa kugusa, na stika ikiwekwa mapema mvuke huo hukwama chini yake na kufanya malengelenge. Mwenye gari anayehesabu mapato ya kila siku hapendi kuambiwa angoje. Kwa madirisha kuna vinili yenye matundu madogo madogo: aliye nje huona picha, aliye ndani huona barabara, ingawa usiku taa za ndani zikiwaka hesabu hugeuka.

Wajenzi wa vifaru vidogo vya plastiki, vile vya kipimo cha 1:35 vilivyoenezwa duniani na kampuni ya Tamiya ya Japani, wanapambana na tatizo hilihili la kinachokwama chini ya kibandiko, kwa udogo wake. Vibandiko vyao vya nembo na namba hulowekwa majini mpaka gundi iachie karatasi, kisha huteleza juu ya kifaru. Vikiwekwa juu ya rangi isiyong'aa, ambayo ukiitazama kwa kioo cha kukuzia ina vilima na mabonde, hewa hubaki chini na kuonekana kama ukungu wa fedha. Ndiyo maana hupaka kwanza klia ya kung'aa, hubandika, kisha hufunika kwa klia isiyong'aa ili kifaru kirudi kuonekana chombo cha vita. Fundi wa matatu hufuata mpangilio uo huo hadi hatua ya mwisho. Hapo wanaachana, maana hakuna mwenye matatu anayelipa ili gari lake lififie.

Matatu nazo zina vielelezo vyake vidogo. Watoto wa mitaa ya Nairobi huunda magari kwa waya, makopo na maboksi, na huyaandika namba ya njia kabla hata ya kuyafunga magurudumu. Katika sanaa ya watu wazima, Dennis Muraguri amejipatia jina kwa chapa kubwa za mbao na sanamu zinazohusu matatu na watu wake.

Afya ya mafundi ni jambo linalotajwa kidogo mno. Hadena za rangi za aina ya pili huwa na kemikali za isosianati, ambazo zikivutwa puani mara kwa mara huweza kuleta pumu ya kudumu. Kitambaa kilichofungwa usoni huzuia matone ya rangi, hakizuii mvuke. Kinachofaa kwa rangi hizo ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira; yenye vichujio vya mkaa ni nafuu kuliko kitambaa, lakini vichujio hivyo lazima vibadilishwe. Vumbi la fila na msasa lina madhara yake pia. Karakana nyingi za kando ya barabara hutegemea upepo, na upepo huwapelekea majirani kile ambacho fundi amekwepa.

Miji mingine ya Afrika Mashariki ilichagua utulivu zaidi. Daladala za Dar es Salaam hutambulishwa kwa mistari ya rangi kulingana na njia, na teksi za Kampala kwa miraba ya buluu kwenye mwili mweupe. Nairobi imeacha mstari wa manjano ubishane na picha.

Kuna wanaodai kwamba stika imemuua mchoraji wa mkono. Kwa mabasi mapya yanayotoka kwa wajenzi wa bodi yakiwa yamevikwa vinili kuanzia mbele hadi nyuma, wana hoja. Kwa njia za 8 na 46 dai hilo halijatimia. Mlango ukikwaruzwa, kipande cha stika chenye nusu ya uso wa mwanamuziki lazima kichapishwe upya kikifanana na kingine kilichokwisha kupauka, na mara nyingi hakifanani. Mwenye brashi hutazama rangi iliyobaki, huchanganya yake kwenye kifuniko cha kopo, na gari hurudi barabarani. Wengi sasa hufanya yote mawili: herufi za sacco (ushirika wa wenye magari), namba ya njia, duara la "80" nyuma na viakisi-mwanga huwa stika, picha na viraka huwa rangi. Magari ya abiria hukaguliwa na mamlaka ya usafiri, NTSA, kila mwaka, na picha iwe ya nani, mstari wa manjano na jina la njia sharti vionekane wazi.