Namba za Mwili Wako ni za Nani?

Historia ya vifaa vya afya vya nyumbani husimuliwa sana kupitia makampuni. Kwangu mimi, ukurasa wake muhimu zaidi uliandikwa na wazazi waliokosa usingizi, wakiwa na waya wa USB mkononi.

Mwaka 2012, katika jimbo la New York, Marekani, mtoto wa John Costik alipatikana na kisukari cha aina ya kwanza akiwa na miaka 4. Ugonjwa huu haulali. Sukari ikishuka sana usiku, mtoto anaweza kupoteza fahamu kitandani na hakuna atakayejua. Familia ikapata kifaa cha Dexcom: sensa ya chini ya ngozi inapima sukari kila dakika 5 na kutuma namba kwa kipokezi kidogo. Basi, zinaishia hapo. Mtoto akienda shule, namba zinaenda naye; baba kazini anabaki kukisia.

Costik alikuwa mhandisi wa programu. Alichomeka kipokezi kwenye kompyuta, akachunguza kinavyoongea, kisha akaandika programu ya kuzichota namba na kuzipeleka mtandaoni. Mwaka 2013 aliionyesha kazi hiyo Twitter, na wazazi wengine wakaitaka. Mhandisi mwingine, Lane Desborough, ambaye pia mwanawe ana kisukari, alikuwa amejenga mfumo wake nyumbani akauita Nightscout. Kazi zao zikaungana na za wengine, na 2014 zikatolewa bure kwa yeyote. Kaulimbiu yao ilikuwa fupi: hatungoji.

Na kweli hawakungoja. Ni Januari 2015 ndipo FDA iliidhinisha programu ya Dexcom yenyewe ya kuwaonyesha jamaa namba hizo kwenye simu. Oktoba mwaka huo, Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo hutoa misamaha chini ya sheria ya hakimiliki, ikawaruhusu wagonjwa kusoma data ya vifaa vilivyopandikizwa mwilini mwao hata kampuni ikiwa imeifunga.

Sasa tuje huku kwetu. Shangazi yangu ana mashine ya presha ya kisasa. Inapima vizuri tu. Lakini ukitaka rekodi ya mwezi mzima umpelekee daktari, sharti simu janja, akaunti, barua pepe na bando. Simu ya shangazi ni mulika mwizi. Kwa hiyo kila asubuhi anaandika namba kwenye daftari, kama vile mashine haina kumbukumbu.

Kinachoniudhi ni kwamba si lazima iwe hivyo. Tangu 2011 Bluetooth ina kanuni ya wazi ya vipimo vya presha: mashine inayoifuata inaweza kuongea na kompyuta yoyote inayoijua lugha hiyo, bila programu ya kampuni. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 38, inakupa haki ya kupewa data yako katika muundo ambao kompyuta inaweza kuusoma.

Kwa hivyo ukienda kumnunulia mzazi mashine, usiulize bei peke yake. Muulize muuzaji: kampuni ikizima seva zake kesho, namba za mamangu nitazitoaje humu?