Sakafu ya Mazoezi Nyumbani kwa Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huonana na mtaalamu wa mazoezi tiba mara chache kwa mwezi. Siku nyingine zote mazoezi yake yanafanyika nyumbani, mikononi mwa mama, bibi, baba au dada anayemlea. Walezi wengi huuliza kuhusu vifaa na viti maalumu. Kabla ya hivyo vyote, angalia mahali anapolazwa mtoto wakati wa mazoezi.

Sakafu inayofaa ina sifa nne: ni imara, ina ulaini kidogo, haitelezi, na ni kavu na safi.

Kwa nini si kitandani?

Ili mtoto ainue kichwa, ageuke au atambae, anahitaji kujisukuma kwa mikono, viwiko na magoti. Kwenye godoro laini viungo hivyo vinazama, na nguvu yake inapotea. Mlezi anaweza kudhani mtoto hawezi, kumbe godoro ndilo linalomshinda. Mtoto aliyelala kifudifudi kwenye godoro laini anaweza pia kuzibwa pua na mdomo akashindwa kupumua, hasa kama shingo yake haijakaza. Tena anaweza kuanguka.

Jipime wewe kwanza

Tandika unachotaka kutumia, kisha piga magoti juu yake kwa dakika tatu.
- Magoti yakikuuma, pagumu mno. Ongeza blanketi lililokunjwa.
- Ukizama na kuyumba, palaini mno. Punguza.
- Sukuma tandiko kwa mguu. Likisogea, litateleza pia mtoto akijisukuma.

Sakafu ya nyumba yako

*Saruji.* Ni imara, lakini ni baridi na huchubua viwiko na magoti. Tandika mkeka au jamvi, kisha blanketi moja au mawili yaliyokunjwa na kunyooshwa vizuri. Mikunjo hubana ngozi.

*Marumaru.* Ni rahisi kusafisha, lakini huteleza sana yakilowa maji, mate au mkojo. Weka vipande vya mpira chini ya pembe za mkeka ili usisogee. Tyubu kuukuu ya baiskeli iliyooshwa vizuri inafaa.

*Udongo.* Hapa tatizo ni unyevu, funza, viroboto na minyoo ya safura, ambayo huingia mwilini kupitia ngozi inapogusa udongo wenye kinyesi cha binadamu. Fagia, tandaza turubai au plastiki nzito, kisha mkeka na blanketi juu. Baada ya mazoezi inua vyote uvianike. Ukiacha turubai chini siku nzima, unyevu hujikusanya na ukungu huota.

*Zulia.* Zulia nene hushika vumbi na mkojo, na vumbi humsumbua mtoto mwenye pumu au kifua. Kama unalo, tandika juu yake shuka nzito ya kufuliwa kila siku.

*Mikeka ya sponji ya kuunganisha.* Inafaa ikiwa imeshikana vizuri na haizami. Mpya huwa na harufu kali, hivyo ianike nje siku chache kabla ya kuitumia. Mtoto anayetafuna vitu asiachwe peke yake juu yake, kwani kipande kidogo kinaweza kumkaba.

Mtoto anayejifunza kusimama

Kwa kusimama na kutembea, ondoa blanketi na sponji. Nyayo zinahitaji kuhisi sakafu imara, na juu ya kitu laini vifundo vya miguu huyumba. Asivae soksi tupu, zinateleza. Aende peku, au avae viatu na vishikizo vya miguu alivyoelekezwa na mtaalamu wake.

Eneo lenyewe

Nafasi ya mita 2 kwa 2 inatosha kwa mtoto mdogo. Iwe mbali na jiko, chai ya moto, ndoo za maji na nyaya za umeme. Ukuta ulio karibu unasaidia, kwa sababu mlezi anaweza kuegemea huku mtoto akikaa mbele yake.

Angalia ngozi kila siku

Baada ya mazoezi kagua viwiko, magoti, nyonga, visigino na nyuma ya kichwa. Wekundu au weusi usioisha baada ya nusu saa unaonyesha kuwa sehemu hiyo imebanwa sana. Ongeza ulaini kidogo na umgeuze mara nyingi zaidi. Ngozi ikichubuka au ikifanya kidonda, mpeleke kituo cha afya.

Linda mgongo wako pia

Mlezi akiumia mgongo, mazoezi husimama. Weka khanga iliyokunjwa chini ya magoti yako. Unapomwinua mtoto, msogeze kifuani kwanza, kisha nyanyuka kwa nguvu ya miguu. Mtoto mzito ainuliwe na watu wawili.

Mtoto akipata degedege

Mwache hapo hapo sakafuni, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, na usimtie chochote mdomoni. Likizidi dakika 5, au likirudi kabla hajapata fahamu, mpeleke hospitali haraka.

Usisubiri kliniki ijayo ikiwa:
- mtoto analia kwa maumivu kila ukigusa au kukunja kiungo fulani;
- mguu au mkono umevimba, au ameacha kuutumia ghafla. Mifupa ya mtoto asiyetembea huwa dhaifu na inaweza kuvunjika hata bila kuanguka.

Usafi

Futa mkeka kwa maji na sabuni kila siku, suuza vizuri, na anika juani. Kausha kabisa kabla ya kumlaza mtoto.

Siku ya kliniki, piga picha ya mahali mnapofanyia mazoezi umwonyeshe mtaalamu. Atakuambia cha kuongeza au kupunguza kulingana na mtoto wako, na mara nyingi vitu vilivyomo ndani ya nyumba vinatosha.