AL-SALIMI, Abdullah bin Humaid (Nuruddin)

Faqihi wa Kiibadhi, mwanahistoria na mshairi wa Oman. Alizaliwa takriban mwaka 1869 huko al-Hawqain, upande wa Rustaq, akafariki 1914 Tanuf, karibu na Nizwa. Miaka mingi ya kazi yake aliishi al-Qabil, katika Sharqiya. Hutajwa zaidi kwa kitabu chake cha historia ya Oman, *Tuhfat al-A'yan*, na kwa sehemu aliyoichukua katika kuurudisha Uimamu, utawala wa kiongozi wa dini wa Kiibadhi, mwaka 1913. Sifa hizo ni za haki, lakini zimemficha mtu mwenyewe. Al-Salimi kwanza alikuwa mwanasheria wa umma, na sheria aliyoitumikia ilikuwa ya uwanjani: maji, mitende, visima, njia na mipaka ya mashamba.

Masomo

Alipofuka akiwa na umri wa miaka kama 12. Alisoma Rustaq, miongoni mwa walimu wake akiwa Sheikh Rashid bin Saif al-Lamki. Baadaye akahamia Sharqiya kwa Sheikh Saleh bin Ali al-Harthi, aliyefariki 1896.

Al-Qabil na sheria ya falaji

Al-Qabil ilikuwa makao ya masheikh wa Hirthi, kabila ambalo nusu ya habari zake iko Sharqiya na nusu Zanzibar. Mji uko kwenye njia ya kutoka Ibra kwenda Sur, ukingoni mwa bahari ya mchanga. Mahali kama hapo faqihi hawezi kuishi kwa vitabu vya tohara peke yake, kwani mashamba yote yanategemea falaji, mfereji unaoleta maji mashambani, na falaji ni mali ya watu wengi kwa pamoja. Kinachomilikiwa ni zamu. Siku moja hukatwa vipande 48 viitwavyo athar, kila kimoja kama nusu saa, na mtu huweza kurithi athar, kuiuza, kuikodisha au kuiweka wakfu kwa msikiti. Mchana zamu ilipimwa kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa ardhini, usiku kwa kuchomoza na kutua kwa nyota zinazojulikana kwa majina. Mwenye zamu hufungua njia ya maji kwa mkono, akaziba ya jirani kwa udongo na matambara. Akichelewa kidogo tu, ugomvi umezaliwa. Warithi wakigawana, mjane akidai fungu lake, wakfu ukikosa msimamizi, kesi inamfuata faqihi. Aliyetoa hukumu katika mambo hayo alikuwa mtumishi wa umma kwa maana kamili ya neno, ingawa hakuwa na ofisi wala mshahara wa serikali. Maswali ya namna hiyo ndiyo yaliyojaza fatwa za maulamaa wa Oman, na *Jawhar al-Nizam*, utenzi wake wa maelfu ya beti, ulikusudiwa kuweka hukumu za dini na za maisha katika vifua vya watu ambao wengi wao hawakuwa na maktaba.

Kwa kazi hiyo al-Salimi anastahili kuhesabiwa miongoni mwa wapenzi wa nchi na mandhari yake. Atatokea wa kusema kwamba kipofu hawezi kuwa mmoja wao: hakukiona tena kivuli cha kijiti wala nyota. Pingamizi hili linachukulia kwamba nchi hupendwa kwa macho tu. Mtu aliyehukumu mambo ya kivuli na nyota bila kuviona alilazimika kuijua nchi kwa masikio, kwa miguu na kwa maneno ya mashahidi, na huenda ujuzi huo ni mkali kuliko wa mtazamaji. Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Alisafiri kwa haja, si kwa raha, na hajulikani kwa kusifia milima kwa sababu tu ni mizuri. Ni kweli. Lakini mwanachuoni mwenye jina kubwa, tena asiyeona, angeweza kukaa barazani al-Qabil na kungoja kufuatwa, asilaumiwe na yeyote. Yeye alipanda mnyama akenda. Mapenzi ya aina hii hupimwa kwa mwenendo, na mwenendo wake uko wazi.

Uimamu wa 1913

Wanafunzi wake wawili, Salim bin Rashid al-Kharusi na Muhammad bin Abdullah al-Khalili, walikuwa Maimamu mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alipewa bai'a, yaani kiapo cha utii, Tanuf mwaka 1913, kwa msukumo wa al-Salimi mwenyewe na himaya ya Sheikh Himyar bin Nasir al-Nabhani, na Nizwa ikafuata upesi. Wapo wanaoona hapa mwanasiasa aliyevaa kilemba cha faqihi. Hata hivyo hoja yake dhidi ya Masultani wa Maskati ilikuwa ya kisheria tangu mwanzo: nani ana haki ya kutawala, na kwa masharti gani. Mkataba wa Sib wa 1920 kati ya Imamu na Sultani, ambao Sheikh Isa bin Saleh al-Harthi wa al-Qabil aliushughulikia kwa upande wa Imamu, ulikuja al-Salimi ameshazikwa.

Kifo

Kama inavyosimuliwa, alikuwa safarini kwenda al-Hamra kuzungumza na mwalimu wake wa zamani, Sheikh Majid bin Khamis al-Abri, juu ya suala la wakfu. Njiani, akiwa juu ya mnyama, alipigwa na tawi la mwembe. Alichukuliwa hadi Tanuf, akafia huko. Alikufa akiifuata kesi.

Athari yake Zanzibar

Abu Muslim al-Bahlani, kadhi na mshairi wa Zanzibar, aliandika sharhi ya *Jawhar al-Nizam* aliyoiita *Nithar al-Jawhar*. Alifariki 1920 kabla ya kuimaliza.

Leo

Vitabu vyake vinasomwa Oman na kwa Waibadhi wa kwingine. Al-Qabil ni wilaya ya Sharqiya Kaskazini. Mji wa zamani wa Tanuf ulibomolewa kwa mabomu ya ndege za Waingereza katika miaka ya 1950. Magofu yake yapo hadi sasa, na falaji inapita pembeni mwake.